Yogi Berra hakuwa mchekeshaji tu

Ukimtaja Yogi Berra, wengi hukumbuka misemo yake ya kuchekesha na kumwona kama mzee mcheshi aliyebahatika kuichezea timu kubwa ya besiboli ya Marekani, New York Yankees. Si kweli hata kidogo.

Tuanze na kazi yenyewe: Berra alikuwa mdakaji. Katika besiboli, mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji kwa vidole aina ya mpira wa kurusha. Ndiye anayeupanga mchezo, na mzembe wa kufikiri haiwezi kazi hiyo. Tarehe 8 Oktoba 1956, katika fainali, mrushaji wa Yankees, Don Larsen, aliwatoa wapigaji 27 wa timu pinzani, Dodgers, mfululizo, hakuna aliyefika hata kituo cha kwanza. Ishara zilitoka kwa Berra. Mpigaji wa mwisho alipotoka, Berra alimrukia Larsen kifuani kama mtoto.

Akishika gongo ndiyo balaa. Msimu mzima wa 1950 alitolewa kwa kukosa mipira mara 12 tu! Alitajwa mchezaji bora wa ligi yake mara 3 (1951, 1954 na 1955), akabeba ubingwa mara 10. Kabla ya yote hayo, akiwa na miaka 19, alikuwa vitani, baharini Normandy, Ufaransa, Juni 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwenye boti ya maroketi.

Wala hakuwa mtu wa kucheka na kila jambo. Mwaka 1985, akiwa kocha wa Yankees, mmiliki George Steinbrenner alimfukuza baada ya mechi 16 za msimu, tena kwa kumtuma mtu. Berra akaususia uwanja wao hadi 1999, Steinbrenner alipomfuata New Jersey kumwomba radhi.