Kuku kuatamia maana yake nini?

Kuatamia ni kuku jike kuyalalia mayai na kuyapa joto la mwili wake mpaka vifaranga watoke. Wengi huishia hapo, wakidhani kuku kaamua tu kukaa. Kumbe mwili wake mzima umebadilika. Homoni ya prolaktini, kichocheo cha mwilini kinachomfanya kuku aatamie, imepanda, kutaga kumekoma, hamu ya chakula imeshuka. Ndiyo maana kumfunika kuku kwa tenga ili aatamie kwa lazima ni kumtesa bure; kama mwili haujafika huko, ukifunua tu anaondoka zake.

Aliyefika huko utamjua. Jioni wenzake wanaingia bandani, yeye kabaki kiotani. Ukisogea anatutumua manyoya na kukoroma kwa hasira, ukipeleka mkono anadonoa. Mwinue taratibu umtazame kifuani: manyoya yamepukutika, ngozi iko wazi na ina joto, ili iguse mayai yenyewe. Kwa kawaida hushuka mara moja kwa siku, dakika 15 au 20 hivi, akala, akanywa, akaoga vumbi, kisha akaachia kinyesi kikubwa chenye harufu kali sana. Usikimbilie dawa, alikuwa anajizuia asichafue kiota.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili. Kuku wa kienyeji hatagi mayai yake yote siku moja. Akifikisha 12, la kwanza linaweza kuwa na wiki mbili na la mwisho la jana, na bado vifaranga hutoka karibu wote ndani ya siku moja au mbili. Inawezekanaje? Yai lenye mbegu ya jogoo huanza kukua likiwa bado tumboni mwa kuku. Likishatagwa na kupoa, ukuaji husimama, kiinitete (kifaranga anayeanza kuumbika) kikabaki hai kikisubiri. Siku mama anapotulia juu ya mayai na kuyafikisha kwenye joto la nyuzi 37 hadi 38 za selsiasi, yote huanza kukua kwa pamoja, la zamani na la jana. Kwa hiyo siku 21 zihesabiwe tangu mayai yalipoanza kulaliwa. Tarehe ya kutagwa haihusiki.

Kusubiri huko kuna mwisho wake. Yai likipita siku saba hadi kumi bila kulaliwa, uwezo wake wa kuanguliwa unapungua. Kwa watu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kuna tatizo jingine: chumba kikifika nyuzi 30, yai halipoi vya kutosha. Kiinitete kinakua kidogo kidogo bila mpangilio, kinadhoofika, na mfugaji anamlaumu jogoo. Weka mayai ya kuatamiza mahali penye ubaridi na kivuli, ncha nyembamba ikiwa chini, wala usiyaoshe.

Kuku wa kienyeji wa kawaida anamudu mayai 10 hadi 13. Wanaomwekea 18 hawapati vifaranga zaidi: yale ya pembeni hupoa, na kwa kuwa mama huyageuza na kuyahamisha mara nyingi kwa siku, kila yai hupata zamu yake ya baridi.

Kila yai liwekee alama kwa mkaa au penseli. Kuku wengine hupenda kutaga kwenye kiota chenye mwenyewe, na yai lililoingia siku ya kumi halitafika popote, maana vifaranga wa kwanza wakishapata nguvu mama huinuka na kuondoka nao. Ukikuta lisilo na alama, toa ukakaange.

Karibu siku ya saba subiri usiku, mulika mayai kwa tochi. Lililoshika huonyesha mishipa ya damu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lililo jeupe lote ndani, bila mishipa, halina mbegu. Ondoa hilo, na ondoa viza mapema, maana likipasuka linaharibu kiota kizima. Angalia pia utitiri. Ukizidi kiotani, hata kuku mvumilivu huyakimbia mayai.

Kuanzia siku ya 18 acha kupekuapekua. Kifaranga anajipanga, anatoboa chumba cha hewa (nafasi iliyo upande mnene wa yai), anavuta pumzi ya kwanza na kuanza kulia akiwa ndani ya ganda. Mama humjibu. Kutoka tundu la kwanza hadi kifaranga kuwa nje huweza kuchukua saa nyingi, hata siku nzima, na anayemmenyea ganda kwa huruma mara nyingi humtoa damu. Akitoka hana njaa: kiini kilichobaki amekivutia tumboni, na kinaweza kumtosha siku mbili hivi.

Kuku wa mayai wa kisasa huatamia kwa nadra, kwa sababu anayeatamia hatagi, na wazalishaji wamekuwa wakichagua wasio na tabia hiyo kizazi baada ya kizazi. Ukitaka vifaranga kwa mayai yao bila mashine, ingiza mayai usiku chini ya kuku jike wa kienyeji aliyekwisha kuanza kuatamia.