Alteneta ya HiAce ya dizeli: pima kwanza, na usisahau breki

Taa ya betri ikiwaka kwenye HiAce ya zamani, kauli ya kwanza gereji huwa "alteneta (mtambo unaochaji betri) imekufa, lete nyingine". Mara nyingi haijafa. Ninazungumzia hapa vipanya vya dizeli vyenye injini ya 2L, 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), hasa bodi ya H100 iliyoanza kutoka mwaka 1989. Nyuma ya alteneta za injini hizi imefungwa pampu ya vakyumu (inayofyonza hewa) inayoendesha busta ya breki, kifaa kinachopunguzia mguu nguvu ya kukanyaga, kwa hiyo anayeigusa alteneta amegusa na breki. Fundi rewaya (wa umeme wa magari) aliyezoea gari za petroli anaweza kulisahau hilo kabisa.

Kabla ya kushika spana, shika mita. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, betri nzima isome kama volti 12.6. Washa, panda hadi mizunguko 1,500 au 2,000 kwa dakika, pima tena kwenye tamino (vichwa) za betri: kati ya 13.8 na 14.5 ni sawa. Washa taa kubwa na feni ya ndani. Ikishuka chini ya 13, chaji haitoshi. Ikizidi 15, regyuleta (kidhibiti cha volti cha alteneta) haidhibiti tena, na betri itachemka hadi maji yakauke.

Chaji ikiwa ndogo, bado usiilaumu alteneta. Weka ncha moja ya mita kwenye nati ya B (panapotokea umeme wa kuchaji) nyuma ya alteneta na nyingine kwenye chanya ya betri, injini ikinguruma na taa zikiwaka. Tofauti ikizidi volti 0.3, umeme unapotelea njiani: nati ya B imelegea, waya umeliwa na kutu ndani ya plastiki, au fyuzi kuu imeungua kwenye kiungo. Rudia kati ya bodi ya alteneta na hasi ya betri, hapo 0.2 inatosha kukutia shaka. Kisha chomoa soketi ya pini tatu. Pini ya IG lazima iwe na volti 12 funguo ikiwa ON, S iwe na umeme wa betri muda wote, na L ndiyo ya taa ya dashibodi. IG ikiwa kavu, yaani haina umeme, alteneta haiamki hata iwe mpya ya kwenye boksi. Watu wamenunua alteneta mbili kwa sababu ya fyuzi moja.

Geuza pia mita upande wa AC, upime betri injini ikiwaka. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, kuna dayodi (kipande cha ndani ya alteneta kinachogeuza AC kuwa DC) iliyokufa. Dayodi hufa kirahisi kwa ile tabia ya kuchomoa tamino injini ikiwaka "ili kuona kama inachaji". Acha kabisa, mita hupatikana kwa bei ndogo kuliko regyuleta.

Vipimo vikionyesha kweli ni alteneta, iangalie mgongo. Ikiwa imelowa oili nyeusi, sili ya shafti upande wa pampu imechoka. Oili inaingia ndani, inachanganyika na unga wa kaboni, na kaboni (vipande vinavyogusa ringi za shaba kupitisha umeme) zinanata kwenye vishikizo vyake. Kuiosha kwa petroli kunaipa siku chache tu. Badilisha sili, kisha angalia kaboni: mpya huchomoza kama milimita 10.5, na ikifika 1.5 haifai tena. Ringi za shaba zikiwa nyeusi zisugue kwa msasa laini. Zikiwa na mfereji wa kina, peleka zikachongwe au zibadilishwe.

Kuitoa: ondoa hasi ya betri kwanza. Injini iko chini ya viti vya mbele, hivyo sehemu ya kazi utaifanya juu na sehemu ukiwa umelala chini ya gari. Fungua waya wa B na soketi, kisha mpira wa vakyumu, bomba la kuingizia oili na mpira mnene wa kurudishia oili kwenye injini. Tega chombo, oili itamwagika. Legeza bolti ya kurekebishia belti na ile ya egemeo, vua belti, toa alteneta.

Unaponunua ya mtumba, Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi), soma kibandiko: iwe 12V. Coaster nyingi ni za volti 24, na machoni hufanana. Linganisha puli, soketi, na midomo ya pampu. Zungusha kwa mkono usikilize beringi. Binafsi, alteneta nzima yenye pampu ya kusuasua siinunui; afadhali kuhamisha pampu yangu nzuri ya zamani. Ukiifungua, zile bapa tatu za ndani (vibao vinavyosukuma hewa) zirudi na upande wa duara ukitazama nje, na oringi iwe mpya.

Kabla ya kufunga, tia oili safi ya injini kidogo kwenye mdomo wa kuingilia, uzungushe puli kwa mkono. Pampu ikianza kavu, bapa zinakwaruzika dakika ya kwanza. Zile washa (viringi bapa) za shaba za bolti ya bomba la oili ziwe mpya. Belti ikiminywa kwa dole gumba izame kama milimita 10. Zikiwa mbili pacha, badilisha zote kwa pamoja.

Gari lisisogee kabla ya kujaribu pedali. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano hadi iwe ngumu, ishikilie hapohapo, kisha washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, vakyumu ipo. Ikibaki ngumu kama jiwe, chungulia ule mpira wa vakyumu, halafu meno ya shafti yanayozungusha pampu. Baada ya siku mbili tatu, kaza tena belti mpya na uangalie kijiti cha oili, maana kiungo kinachovuja huko nyuma huonekana kwanza kwenye kijiti kuliko chini ya gari.