Chuma hakihesabu miaka

Vijiweni Mwanjelwa, Mbeya, ndege ya kivita ya zamani ikianguka kwenye maonyesho huko ng'ambo, hukumu ni moja: imezeeka, ipelekwe makumbusho. Lakini kinachochosha chuma ni mizunguko ya kupaa, kutua na kupinda. Miaka peke yake huleta kutu, hasa ndege ikikaa bila kuruka. Kwa hiyo fundi husoma kwanza daftari la saa za kuruka, kisha hupaka maungio ya bawa rangi inayopenya nyufa zisizoonekana kwa macho.

Shoreham, Uingereza, 2015, Hawker Hunter, ndege ya kivita ya zamani, kwenye maonyesho ilianza mzunguko wa wima angani kwa mwendo mdogo. Ilifika juu futi 2,700, ilihitaji 3,500. Watu 11 walikufa barabarani. Uzee unaingiaje hapo?

B-17, ndege ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili, iliyoua watu 7 Marekani mwaka 2019 ilikuwa na magneto (kifaa cha kutoa umeme wa cheche) mbovu na plagi chafu, kazi ambayo hata fundi pikipiki angeikemea.

Kwangu ndege hizi za zamani ziruke, ila juu ya mashamba matupu. Na uwanja wa zamani wa Mbeya, mita 1,700 hivi, haufai kwa mbwembwe: hewa nyepesi huinyima injini isiyo na turbo karibu sehemu moja ya sita ya nguvu.