Ndege sululu wa Mtwara hawaangamii Aprili

Kuanzia Mikindani hadi mto Ruvuma unapoingia baharini, wengi husema sululu, ndege wa pwani wenye mdomo mrefu uliopinda, wakitoweka Aprili wamewindwa wakaisha. Sivyo. Wakubwa huenda kuzaliana kaskazini ya mbali, Urusi, na huanza kurudi Agosti. Wachanga wengi hubaki.

Kwa hiyo ukiwahesabu, linganisha idadi ya Januari na ya Januari nyingine, tena kwa kimo kilekile cha maji. Chagua siku ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu), maji yanapojaa karibu saa 10 jioni, uwe umetulia mahali pako tangu saa 8. Matope yakifunikwa, ndege hukusanyika kwenye mafungu ya mchanga na mikoko. Maji yakipwa hutawanyika, idadi hutoka ndogo kwa uongo.

Hasara ya kweli ni mikoko kukatwa, na kuwafurusha wamepumzika: kila mruko huchoma mafuta ya safari.