Eti Dodoma hakuna mvua ya kuvuna? Haya, tupige hesabu

Juzi niliitwa kwenye mtaa mmoja kuonyesha pa kuchimba mashimo ya miti yanayonasa maji ya mvua. Sijatua hata sururu, mzee mmoja akanipokea na ile ile ya siku zote: "Fundi, mvua yenyewe ya kuvuna iko wapi hapa?" Nimeichoka, hiyo na visingizio vingine ninavyosikia kila mtaa. Leo navijibu kimoja kimoja.

"Mvua ya Dodoma haitoshi." Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Bati la mita za mraba 100 linapokea lita 57,000. Toa robo nzima ya kuosha vumbi na kufurika gata, bado una zaidi ya 42,000. Hilo ni bati tu. Barabara ya mtaa yenye upana wa mita 6, kipande cha mita 100, ikipigwa na mvua moja ya milimita 20 inapokea lita 12,000. Madumu 600 ya lita 20! Yanapita mbele ya geti lako yakisomba mchanga na kuchimba korongo, halafu Agosti unamwita mwenye mkokoteni akuuzie dumu umwagilie mwarobaini.

Tucson, jangwani Arizona, hupata karibu nusu ya mvua yetu. Kuna mtaa pale ambao wakazi wake, akiwemo Brad Lancaster, walianza kupanda miti pamoja mwaka 1996. Baadaye wakakata kingo za zege ili maji ya barabarani yaingie kwenye mashimo ya miti. Mji uliruhusu rasmi mwaka 2007. Na Lancaster alijifunza kuvuna mvua kwa nani? Kwa Zephaniah Phiri Maseko, mkulima wa Zvishavane, Zimbabwe. Elimu imetoka huku huku Afrika, na bado naulizwa mvua iko wapi.

"Mti unainuliwa udongo." Hapa ndipo ninapogombana na watu. Mnarundika udongo shinani kama kichuguu, mnazungushia mawe ya chokaa, mnasema bustani. Maji yanapanda mlima tangu lini? Chimba shimo la mfano wa bakuli, kina sentimita 20 hadi 30, mdomo wake uelekee yanakotoka maji. Mche ukae kwenye kingazi kilichoinuka kidogo ndani ya bakuli, shina lisizame. Tandaza majani makavu. Kaa mita tatu au zaidi kutoka msingi wa nyumba.

"Mtatuletea mbu." Yai la mbu huchukua kama wiki moja au zaidi kuwa mbu anayeruka. Bakuli zuri hukauka ndani ya siku moja au mbili. Lisipokauka, umechimba kwenye udongo mgumu, likwatue au lihamishe. Kakague kwanza simtanki lako lisilo na mfuniko.

"Maji ni maji." Hapana. Ya barabarani yana oili na kinyesi. Ni ya miti, si ya sufuria wala ya mchicha.

"Tusubiri mradi." Kaya kumi, sururu tano, Jumamosi mbili. Ila piteni kwanza ofisi ya mtaa, muulize bomba limepita wapi. Mkilikata, mimi sikuwepo.