Mayai yako yamo kwenye ganda la ovari

Swali ninaloulizwa kuliko yote, mara nyingi kwa sauti ya chini ndugu wakishatoka chumbani, ni hili: "Daktari, mkinitoa huu uvimbe wa ovari, nitazaa?" Huwa nachukua karatasi na kuchora ovari.

Ovari ya mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 3. Mayai yamejipanga kwenye tabaka lake la nje, ganda jembamba la milimita chache tu. Mtoto wa kike huzaliwa nayo kati ya milioni 1 na 2, yakipotea, hayarudi. Uvimbe ukikua hulivuta ganda hilo na kuliwamba juu yake kama ngozi ya ngoma. Kwa hiyo kisu cha mpasuaji kinapita kwenye ghala lenyewe la mayai.

Ndiyo maana kwanza najiuliza kama kuna haja ya kupasua. Uvimbe wa maji matupu, kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, mara nyingi hunywea wenyewe ndani ya miezi 2 au 3. Tunasubiri, tunarudia utrasaundi. Demoidi, ule wenye mafuta, nywele na pengine meno, haunywei, lakini ukishaupata mwanya kati yake na ovari hubanduka vizuri.

Unaoniumiza kichwa ni uvimbe wa endometriosisi, yaani ugonjwa wa nyama kama ya utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake; uvimbe huo umejaa damu nzito iliyokaa muda mrefu. Ukuta wake umegandamana na ovari. Nauvuta kidogo kidogo, huku nikiangalia kinachokuja na koleo: ukuta wa uvimbe ni mweupe na mgumu, nikiona nyama laini ya waridi imeufuata, nimeanza kubandua ovari, nasimama na kutafuta mwanya upya. Karibu na mahali mishipa ya damu inapoingilia, ni heri niache kipande kidogo cha ukuta wa uvimbe.

Kisha damu. Nilipokuwa najifunza, tulizoea kuchoma kwa umeme mpaka pakauke kabisa. Moto huo huingia ndani kuliko jicho linavyoona, na mayai hayavumilii joto. Siku hizi nakandamiza, namwagia maji nikaone ni mshipa upi hasa unaovuja, kisha nashona kwa uzi mwembamba. Tafiti zilizolinganisha njia hizi zimeonyesha kuwa homoni ya AMH, inayokadiria akiba ya mayai, hushuka zaidi kwa waliochomwa, hasa wenye endometriosisi. Kipimo hicho nakitaka kabla ya upasuaji, na kama ovari zote mbili zina uvimbe, au moja ilishapasuliwa, tunazungumzia pia kugandisha mayai mapema.

Maumivu makali ya ghafla ya upande mmoja pamoja na kutapika ni dharura: huenda ovari imejisokota. Hata nikiikuta imegeuka bluu au nyeusi, naisokotoa na kuiacha. Nyingi hufufuka. Palipo na dalili za saratani mambo hubadilika, maana hapo maisha yako yanatangulia.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, isome mstari kwa mstari. "Kuondoa uvimbe" na "kuondoa ovari" ni upasuaji wa aina mbili tofauti. Yakiandikwa yote mawili, muulize daktari wako ni hali gani itakayomfanya aiondoe ovari, na usione haya kumwambia kwamba bado unataka watoto.