Seramiki ya moto inayonasa oksijeni

Mashine ya oksijeni unayoiona hospitalini hapa Mtwara haitengenezi chochote. Oksijeni imo hewani tayari, karibu asilimia 21. Kazi ni kuitenga na nitrojeni, asilimia 78, na arigoni isiyofika hata asilimia 1.

Mashine hizo hutumia zeolaiti, punje zenye vitundu ambazo hewa ikigandamizwa hunasa nitrojeni na kuacha oksijeni ipite. Arigoni nayo hupita, ndiyo maana usafi hukomea asilimia 95 hivi. Kwa mgonjwa inatosha kabisa. Kinachoninyima usingizi ni unyevu wetu wa pwani: zeolaiti hupenda maji kuliko nitrojeni. Kikausha hewa kikipuuzwa, oksijeni hupungua huku mtambo ukiunguruma kama kawaida.

Seramiki ninazozishughulikia hugeuza kibao: hunasa oksijeni yenyewe. Ni vidonge vyeusi vya oksaidi ya lanthani, stronti, kobalti na chuma. Vikiwa baridi havina kazi. Vipashe moto nyuzi 500 hadi 800 na molekuli za oksijeni huanza kupasuka juu yake, zikachukua elektroni na kuzama kwenye nafasi tupu za fuwele zikiwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Nitrojeni na arigoni hazina njia ya kuingia. Ukiangalia kipimo cha oksijeni katika hewa inayotoka tanurini, namba inashuka kutoka asilimia 20.9, inatulia chini, kisha inapanda pole pole vidonge vinaposhiba. Hapo unafunga hewa na kufyonza kwa pampu: inatoka oksijeni tupu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Ndugu wawili Brin walifungua kampuni Uingereza mwaka 1886 wakinasa oksijeni kwa oksaidi ya metali iitwayo bari, hadi mbinu ya kugeuza hewa kuwa kimiminika ilipowashinda. Hewa ya ukaa iliiharibu bari yao, na seramiki zenye stronti nyingi zinaugua ugonjwa huohuo.

Je, joto litoke wapi? Umeme wetu unafuliwa kwa gesi ya Mnazi Bay, na moshi wa injini hutoka na nyuzi 400 hivi. Hautoshi peke yake, lakini unafupisha safari. Gesi kidogo inamalizia.

Zahanati ibaki na zeolaiti, sina shaka na hilo. Seramiki ningeijaribu kwenye kiwanda cha kujaza mitungi kilicho jirani na mitambo ya umeme, na ningeanza kwa kukagua vumbi: vidonge hutanuka vikitoa oksijeni na kunywea vikiipokea, na mwishowe hupasuka na kuwa vumbi.